Kidato cha nne 2020 walikaa nyumbani miezi mitatu na nusu, ufaulu ukapanda. Sasa korona iliharibu nini?

#1 FundiWaKabwe
Wakuu, salama?

Nina ubishi wa kifamilia, umenishinda tangu Pasaka. Naomba mnisaidie.

Mdogo wangu alianza kidato cha kwanza Januari 2020, shule ya kata, huku kwetu Rungwe. Si mjinga. Darasa la saba alitoka wa tatu kati ya watoto sabini na kitu. Machi shule zikafungwa, akaja nyumbani na begi la madaftari mapya, mengine hata jina hajaandika. Juni akarudi na begi lile lile. Tangu hapo hakukaa sawa. Mtihani wa kidato cha pili alipenya kwa shida, cha nne 2023 akaangukia divisheni foo ya pointi 31. Leo anaendesha bodaboda ya mtu pale Tukuyu mjini.

Baba anasema korona. Mama anasema pesa ya parachichi. Mimi nilikuwa upande wa baba mpaka nilipokaa na binamu yetu, ambaye mwaka ule wa korona alikuwa kidato cha nne. Akanipiga na namba: 2019 ufaulu wa kidato cha nne ulikuwa asilimia 80.65, na 2020 ukawa asilimia 85.84. Umepanda! Yeye mwenyewe alipata divisheni two, sasa ni muuguzi.

Kama watoto walikaa nyumbani miezi yote ile na matokeo yakapanda, korona iliharibu nini? Walimu, wazazi, na ninyi mliokuwa madarasani mwaka ule, karibuni.

#2 Ulanzi_Baridi
Miezi mitatu imepandisha asilimia tano. Tufunge mwaka mzima tupate mia tufunge mjadala.

#3 NyaluWaKihesa
Kamwene wote. Mkuu FundiWaKabwe, si miezi mitatu na nusu, ilikuwa nusu mwaka kabisa. Mimi nilikuwa na watatu nyumbani, wawili wa sekondari. Debe la unga lilikuwa halimalizi wiki. Mzazi hasahau kitu kama hicho.

#4 ChakiMkononi
Mkuu wa Kihesa, unga ndio ulikuwa wa nusu mwaka, likizo haikuwa. Tuweke tarehe sawa kwanza.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Kesho yake, Jumanne, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufunga shule kuanzia awali hadi kidato cha sita kwa siku 30. Zile siku 30 zikaongezwa. Kidato cha sita na vyuo wakarudi Juni 1, waliobaki wote wakarudi Jumatatu ya Juni 29. Kutoka Machi 17 mpaka Juni 29 ni siku 104, yaani wiki kumi na tano kasoro siku moja.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, huku upande wa Makambako, kwa hiyo mnivumilie. Ndani ya hizo wiki kumi na tano kuna likizo fupi ya katikati ya muhula na kuna likizo ya Juni, ambazo mtoto angekaa nyumbani hata bila korona. Toa wiki tano. Zimebaki kumi. Halafu mtihani wa kidato cha nne ulisogezwa: 2019 ulianza Novemba 4, 2020 ukaanza Novemba 23. Rudisha karibu wiki tatu. Zimebaki saba. Shuleni kwetu tuliongeza vipindi vya jioni, tunatoka saa kumi na moja, na Jumamosi tunaingia. Kwa makadirio yangu kidato cha nne wangu walipoteza mwezi mmoja wa masomo, na mwezi huo wengi wao waliufidia kwa woga. Sijawahi kufundisha darasa lenye woga kama lile. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyetoroka.

Sasa jiulize, hizo nguvu za jioni na Jumamosi tulizitoa wapi? Tulizitoa kwa kidato cha kwanza na cha tatu. Walimu ni wale wale. Nilikuwa naingia kidato cha kwanza saa nane mchana nikiwa sina sauti, naandika mfano mmoja ubaoni, nawaambia wanakili. Kwa hiyo binamu yako na mdogo wako hawakupitia korona moja.

#5 FundiWaKabwe
#4 nimekupata mwalimu. Hilo la mwisho baba lazima alisikie.

#6 Binti_Isongole
Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nitasema ya kwangu.

Sisi tuliotoka mbali na shule tulikuwa tumepanga mageto, wasichana wanne chumba kimoja, elfu kumi na tano kwa mwezi. Tangazo lilipotoka tukaambiwa turudi makwetu siku 30. Tukafunga chumba, masufuria na magodoro ndani, tukaondoka na nguo tu. Siku 30 zikapita. Baba mwenye nyumba akapiga simu mwezi wa pili wa kukaa nyumbani, anadai kodi. Wazazi wakasema kodi ya nini na mtoto yuko hapa? Tuliporudi Juni chumba kina mpangaji mwingine, godoro langu kalilalia mtu. Wawili kati yetu hawakupata pengine pa kukaa, wakawa wanatembea kutoka nyumbani, kwenda saa mbili, kurudi saa mbili, na baridi ya Juni mnaijua huku Uporoto. Mmoja aliacha Agosti.

Na kule nyumbani tulikuwa tunachimba viazi. Sitadanganya kwamba niliteseka. Kwa mara ya kwanza nilishika pesa yangu, nikajinunulia viatu vya shule na simu ndogo. Shida ni kwamba ukishajua gunia la lumbesa linalipa kiasi gani, kukaa darasani kusubiri mwalimu ambaye haji unaona kama mtu anakuibia.

Nilimaliza, nikapata three. Ila nasema kwa kweli, nilirudi kwa sababu mama alinisukuma. Shule yenyewe ilikuwa imeshanitoka.

#7 DerevaWaTunduma
Huyo dada #6 kaongea. Huku mpakani ilikuwa zaidi. Mei 2020 Zambia walipofunga Nakonde kwa siku kadhaa, foleni ya malori ilijaa mji mzima. Madereva hawashuki kwenda mbali, wanaogopwa kama ukoma, kwa hiyo kila kitu wanaletewa. Waletaji ni akina nani? Vijana wa sekondari. Maji, chipsi, vocha, kubadilisha kwacha. Kuna kijana wa kidato cha pili alikuwa ananiletea chai, alikuwa anakokotoa kwacha kwenda shilingi kichwani kabla sijatoa simu mfukoni. Nikamuuliza hisabati unapata ngapi, akasema kumi na nane. Kumi na nane kwa mia!

#8 Ulanzi_Baridi
Mwalimu #4, jibu hapo. Mtoto anapiga kwacha kichwani, wewe unampa kumi na nane.

#9 ChakiMkononi
Mpe swali lile lile kwa Kiswahili na lenye pesa ndani, atapata themanini. Najua. Usinichokoze asubuhi.

#10 MamaPachaGangilonga
Mnaongea habari za wavulana na pesa. Sisi wa Iringa tunajua wasichana walienda wapi, ila hatupendi kulisema kwa sauti.

Kuna binti wa jirani ya wazazi wangu, huko Kilolo, kidato cha pili. Aprili akaja shangazi wa mbali kutoka Dar, akasema "nipeni anisaidie mtoto mdogo mpaka shule zifunguliwe". Wazazi wakaona afadhali, mdomo mmoja umepungua na elfu thelathini inakuja kwa simu kila mwezi. Juni 29 ikafika. Shangazi akasema amalizie mwezi. Halafu mtoto mdogo akaumwa. Halafu nauli. Binti alirudi Krismasi, kaongezeka mwili, anaongea kama mtu wa Dar, na shuleni alishafutwa kwenye rejista kwa utoro. Akarudi Dar Januari kwa hiari yake.

Hiyo kazi ya kwenda kulea watoto wa Dar haikuanzishwa na korona. Ila kabla ya hapo msichana akiwa sekondari watu walikuwa na haya kumchukua, wanasubiri wa darasa la saba aliyefeli. Mwaka ule haya ilitoka, kwa sababu kila mtu aliweza kusema "shule si zimefungwa?"

#11 NyaluWaKihesa
Mama Pacha, hili ni kweli tupu. Wa kwetu alienda hivyo hivyo. Nisingependa kuongeza.

#12 Soksi_za_Bluu
Nilikuwa nafundisha shule binafsi, Mbeya mjini, jina silitaji. Aprili mshahara nusu. Mei hakuna. Juni hakuna, tunaambiwa wazazi hawajalipa ada na hawatalipa kwa sababu watoto hawako shule. Lakini wakati huo huo tunatakiwa kutuma kazi kwenye magrupu ya wasapu kila siku, bando letu wenyewe. Nilikuwa nasahihisha insha zilizopigwa picha gizani, zimepinda, kidole gumba kimeziba aya nzima. Insha nyingine unaona kabisa mwandiko wa kaka mtu.

Mwezi wa Juni nikaanza kuuza barakoa za kitenge pale Mwanjelwa. Nilipata kuliko mshahara. Tulipofungua, walimu sita hawakurudi, na mmoja alikuwa ndiye mwalimu pekee wa kemia. Kwa hiyo mnapohesabu wiki alizopoteza mwanafunzi, hesabuni na walimu waliopotea moja kwa moja. Hao hakuna mtihani uliosogezwa kuwarudisha.

#13 JichoLaTakwimu
Nimesoma yote. Nadhani tunatishwa na ile asilimia 85.84 bure.

Kwanza, "kufaulu" maana yake ni divisheni one mpaka foo. Foo ya mwisho ni pointi 33, ambayo unaipata kwa D mbili na F tano kwenye masomo saba yanayohesabiwa. Mtu huyo yuko ndani ya ile 85.84. Mdogo wake mwanzisha uzi, ingawa ni wa 2023, naye kwa hesabu ya aina hiyo kafaulu. Pili, hisabati mwaka ule ilibaki pale pale ilipo siku zote, kama mmoja kati ya watano ndiye anayepita.

Tatu, na hii ndiyo hoja yangu: wanaohesabiwa ni waliokaa kwenye kiti cha mtihani. Rafiki wa #6 aliyeacha Agosti hayumo. Binti wa #10 hayumo. Wale wa malori Tunduma hawamo. Ukitoa kwenye darasa watoto kumi waliokuwa wanaelekea kufeli, wastani wa darasa unapanda bila yeyote kusoma neno moja zaidi. Ufaulu unaweza kupanda kwa sababu ya madhara yenyewe.

#14 ChakiMkononi
#13 hoja nzuri, lakini ina tundu. Wa kidato cha nne walioacha ni wachache sana, kwa sababu walishasajiliwa mtihani na walibakiza miezi. Mifano yote uliyotaja ni kidato cha pili na cha tatu. Tena ufaulu haukuishia hapo, 2021 ulikuwa asilimia 87.30. Kama 2020 ulipanda kwa sababu wabovu walitoka, 2021 ulipanda kwa sababu gani? Mimi naona ulikuwa unapanda tu, korona ikapita katikati yake kama ng'ombe anavyokatiza barabara.

#15 JichoLaTakwimu
Kidato cha nne cha 2021 ndio hao hao waliokuwa kidato cha tatu 2020, mwalimu. Rafiki wa #6 angekaa mtihani 2021. Umeniongezea ushahidi.

#16 ChakiMkononi
Hm. Ngoja nikasimamie paredi, nitarudi.

#17 NdagaFijo
Ugonile. Mnasahau vipindi vya televisheni. Serikali ilirusha masomo TBC na redioni, na Taasisi ya Elimu iliweka vitabu mtandaoni. Mwenye nia alisoma.

Ila ngoja niwape kisa cha kwetu Kyela. Kijijini televisheni ya maana ilikuwa moja, kibanda umiza. Ligi zote zimesimama, hakuna mpira wa Ulaya, Simba na Yanga hawachezi, mwenye kibanda anakufa njaa. Akapata akili: anafungulia masomo asubuhi, kiingilio shilingi mia. Siku ya kwanza kibanda kilijaa, wazee pia wamo! Mada ilikuwa baiolojia. Mzee mmoja akauliza "huyu mwalimu mbona haulizwi maswali?" Siku ya nne wamebaki watoto watano. Wiki ya pili mwenye kibanda akarudisha filamu za mapigano, kibanda kikajaa tena, na watoto ni wale wale.

Halafu mtendaji akaja kukifunga, mikusanyiko imekatazwa.

#18 Ulanzi_Baridi
Hahaha, yaani Mnyakyusa analipa mia kusikiliza baiolojia. Ndizi ziliisha?

#19 NdagaFijo
Ndizi zipo. Wewe kalale, ulanzi unaongea.

#20 MzeeWaMufindi
Vijana. Nimesoma miaka ambayo mwalimu wetu alikuwa kaka wa darasa la saba aliyepewa chaki kwa sababu ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1978 walimu wawili wakaenda vita ya Kagera. Hatukuwa na vitabu. Tukatoka watu. Mwanafunzi anayetaka kusoma hazuiwi na wiki saba. Tatizo ni simu. Korona ilileta simu mikononi mwa watoto kwa kisingizio cha masomo, na haikuzitoa tena.

#21 Binti_Isongole
Shikamoo mzee. Ila kule kwetu simu haikuja kwa masomo, ilikuja kwa viazi. Na ilikuwa kitochi, haina hata wasapu.

#22 MzeeWaMufindi
Marahaba. Basi tatizo ni viazi.

#23 DaftariJekundu
Naona mnazunguka na aliyeanzisha uzi kashawapa jibu kwenye mstari wa kwanza. Mdogo wake alianza KIDATO CHA KWANZA JANUARI 2020. Nimefundisha Kiingereza shule za kata miaka tisa, mnisikilize.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba. Januari anaingia kidato cha kwanza, anakuta jiografia, historia, baiolojia, hisabati, vyote vimegeuka Kiingereza. Wiki za mwanzo tunafanya kozi ya kuwavusha, tunaimba, tunaigiza, tunawalazimisha kuomba ruhusa kwa Kiingereza. Februari wanaanza masomo yenyewe hawaelewi kitu. Machi ndipo taa zinaanza kuwaka, kidogo kidogo. Unaona mtoto anacheka mzaha uliousema kwa Kiingereza, unajua huyu kavuka.

Darasa la 2020 tulilifungia Machi 17. Katikati ya mto. Wakaenda nyumbani wiki kumi na tano, na nyumbani hakuna anayeongea Kiingereza, kuna Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena na Kiswahili. Waliporudi Juni sikukuta hata yale ya Januari. Na kozi ya kuwavusha hairudiwi, muda haupo, maazimio ya kazi yanadai mada za muhula wa pili. Tukaendelea mbele na watoto ambao hawakuwahi kufika ng'ambo.

Hao ndio waliomaliza 2023. Nilisimamia mitihani yao ya ndani miaka yote minne. Mtu anajua photosynthesis ni nini, ukimuuliza kwa Kiswahili anakueleza jua, majani, hewa, yote. Karatasini kaacha wazi. Wa kidato cha nne 2020 walikuwa wameshavuka zamani, kwao ilikuwa likizo ndefu tu. Hiyo ndiyo tofauti ya binamu na mdogo wako.

#24 FundiWaKabwe
#23 nimesoma mara mbili. Asante. Nimempa mama simu asome.

Mama kasema niwaambie hivi: watoto wa jirani yetu wawili walianza kidato cha kwanza siku moja na mdogo wangu, shule moja, darasa moja, na mmoja yuko chuo Iringa sasa. Hao hawakuwa na miti ya parachichi. "Wangu alianza kubeba kreti Aprili, na kila Ijumaa analipwa." Ndivyo alivyosema.

#25 DaftariJekundu
Mpe shikamoo mama. Na muulize huyo wa chuo nyumbani kwao nani alikuwa anamsomesha jioni.

#26 FundiWaKabwe
Kasema dada yake, alikuwa mwanafunzi wa ualimu, vyuo vilifungwa akawa nyumbani. Ee bwana.

#27 JichoLaTakwimu
Kwa hiyo korona ilimfelisha mmoja na kumfaulisha jirani yake. Wastani sifuri.

#28 Kitenge_na_Kalamu
Naongezea ambalo wanaume wa uzi huu mmelizunguka. Darasani kwetu, kidato cha tatu, tuliporudi Juni wasichana watatu hawakurudi kwa sababu ya ujauzito. Mmoja tulikuwa dawati moja. Alikuwa ananishinda Kiingereza na kemia. Lakini tunashukuru 2020 serikali iliruhusu warudi baada ya kujifungua, japo yeye alisharudi nyuma.

#29 MamaPachaGangilonga
Samahani mwanangu, si 2020. Waraka wa kuwaruhusu ulitoka Novemba 2021, alitangaza Profesa Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu. Wa 2020 walikuwa wanafukuzwa bado. Ndiyo maana rafiki yako hakurudi.

#30 Kitenge_na_Kalamu
Asante mama kwa kunirekebisha. Basi ndiyo hivyo, mwaka na nusu ulimpita. Alikuja kufanya QT baadaye, ule mtihani wa maarifa wa walio nje ya shule, akapata. Sasa ana duka la vipodozi Soweto ya Mbeya na bado ananisahihisha Kiingereza kwenye wasapu.

#31 Mpita_Igawilo
Tunalalamika ila tulipona. Uganda na Kenya walifungua Januari 2021, sisi tulikuwa tumeshafanya mitihani na kusahihisha.

#32 ChakiMkononi
Nimerudi. Kenya ni kweli Januari 2021, ingawa kidato cha nne wao waliitwa Oktoba 2020. Uganda wengi wao walikaa mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Na hapa wengi wetu tulimlaumu Magufuli kwamba kafungua mapema mno. Hilo nalo lina pande mbili na sitaki kulifungua, tuna wenzetu tuliowazika.

Namjibu na #15. Ulinipata kwenye 2021, nakubali. Ila sijakubali kwamba walioacha ni wengi kiasi cha kuinua wastani wa nchi. Darasani kwangu waliacha wanne kati ya mia na ishirini.

#33 JichoLaTakwimu
Wanne wa kwako, mmoja wa #6, watatu wa #28, na hatujatoka nje ya Nyanda za Juu.

#34 NyaluWaKihesa
Mnakumbuka tulivyofungua? Ndoo za kunawa kila mlango, sabuni inaisha saa nne. Wanangu walirudi na ripoti kwamba kuna siku ya nyungu, darasa zima wanajifukiza kwa zamu, mikaratusi kutoka nyuma ya choo. Limao moja lilifika bei ya yai.

#35 Soksi_za_Bluu
Bei ya tangawizi Mwanjelwa ndiyo iliyonifundisha uchumi. Shule iliniacha tu.

#36 Ulanzi_Baridi
Kwetu mtoto mmoja aliungua mguu na sufuria ya nyungu, akakosa wiki mbili nyingine. Hiyo nayo mwalimu wa hisabati aiweke kwenye wiki saba.

#37 FundiWaKabwe
Wakuu, jana usiku nimempigia mdogo wangu mwenyewe. Nikaona tunamjadili kama marehemu wakati yupo. Nimemsomea #4, #13 na #23, na maneno ya mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, abiria wanamwita nyuma. Akasema parachichi alibeba wiki sita tu, mama anazidisha. Akasema darasani hawakuwa wanaelewa Kiingereza, ni kweli, lakini si kwa sababu ya kufungwa shule. "Mwalimu wa Kiingereza alihamishwa Februari. Tulikaa bila mwalimu mwezi mzima kabla hiyo korona haijatangazwa, na tuliporudi Juni hakuwepo bado. Alikuja mwingine mwaka uliofuata." Halafu akaniomba elfu ishirini ya tairi la nyuma.

Sasa hata baba kanyamaza. Sijui niandike nini.

#38 DaftariJekundu
Andika kwamba nilichosema kimebaki pale pale. Asiye na mwalimu na aliyefungiwa shule wote hawakuvuka.

#39 ChakiMkononi
Hapana, tofauti ni kubwa. Hiyo ni ikama ya walimu, yaani idadi inayotakiwa shuleni, korona haimo. Kama mwalimu alihamishwa Februari, mdogo wako angeangukia pale pale hata mgonjwa wa kwanza asingetangazwa mpaka leo.

#40 JichoLaTakwimu
Na yule jirani wa chuo? Naye hakuwa na mwalimu.

#41 ChakiMkononi
Alikuwa na dada.

#42 JichoLaTakwimu
Aliyeletwa nyumbani na nini?

#43 Binti_Isongole
FundiWaKabwe, mwambie mdogo wako QT haipo kwa ajili yake kwa sababu ana cheti tayari, afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie masomo anayotaka tu. Mimi nilirudia hisabati hivyo. Usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, asisubiri faini.

#44 FundiWaKabwe
Asante dada. Tairi nimemtumia. Hilo la kurudia nitamwambia akiwa ameshiba.

#45 NdagaFijo
Samahani nirudi kwenye #37. Huyo mwalimu wa Kiingereza alihamia wapi? Maana kwetu Kyela alikuja mmoja Februari ile ile, katokea Rungwe, mwembamba, ana koti la kijani hata jua likiwaka. Alitufundisha wiki tatu, shule zikafungwa.